Njia ya Askari Keya: Siku Tisa Kutoka Voi Hadi Mahiwa

Kabla ya kuondoka

Askari keya ndiye tunayemfuata hapa: askari wa miguu wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, aliyepigana na Wajerumani na askari wao katika nchi hizi za Afrika Mashariki kati ya mwaka 1914 na 1918. Majenerali wameandikiwa vitabu. Keya asiye na cheo ameacha ardhi aliyoikanyaga tu: kilima cha Salaita, mto Wami, matope ya Rufiji, vichaka vya Mahiwa. Ukiipita ardhi hiyo kwa mpangilio wa tarehe utajua alikunywa nini, alibeba nini, na alikufaje.

Vita ilipoanza Agosti 1914, KAR ilikuwa na batalioni tatu zenye askari kama 2,300: ya Nyasaland, ya Kenya na ya Uganda. Ilipokwisha zilikuwa batalioni 22, askari zaidi ya 30,000. Upande wa pili walikuwa askari wa Kijerumani kama 2,500 mwanzoni, nao Waafrika vilevile, wengine wakisema Kiswahili kilekile. Pande zote mbili ziliwategemea wapagazi, na simulizi ya askari isiyomtaja mpagazi haijakamilika.

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Machi hadi Mei ni masika, na barabara ya Handeni na ya Kisaki zitakukwamisha kama zilivyokwamisha jeshi. Chukua gari lenye tairi nne za kuvuta, tairi mbili za akiba, koleo, kamba ya kuvutia, na maji lita nne kwa kila mtu kwa siku. Beba pasi ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na bima ya gari inayovuka mpaka. Kila mahali pasipo na lango wala kibao, anzia kwa mwenyekiti wa kijiji au chifu wa lokesheni. Ni adabu, tena wao ndio wanaojua mahandaki yalipo.

Siku ya 1: Voi hadi Maktau

Voi ilikuwa stesheni kubwa ya reli ya Uganda, na doria za Wajerumani zilivuka nyika usiku kuja kuilipua reli hiyo kwa baruti. Taveta ilikuwa mikononi mwao tangu katikati ya Agosti 1914. Ili kuirudisha, Waingereza walijenga mwaka 1915 reli mpya ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi. Barabara ya lami ya leo inaifuata kwa karibu kupitia Mwatate na Bura. Anza na makaburi ya vita ya Voi, mjini. Soma mawe polepole, hesabu majina ya Kiafrika, andika idadi yake kwenye daftari. Fanya hivyo kila kaburini utakapofika, maana hesabu hiyo itakufaa siku ya saba.

Baada ya Bura milima inabaki nyuma na nyika inafunguka: udongo mwekundu, miiba, mibuyu ya hapa na pale. Kati ya Maktau na mto Lumi hakuna maji ya kudumu, na jambo hilo ndilo lililoamua kila kitu. Askari alikuwa na chupa moja ya maji, kama lita moja. Mtu anayetembea juani na mzigo hupoteza lita moja kwa saa mbili au chini ya hapo. Kwa hiyo jeshi halikuweza kusogea mbele kuliko maji yake, na maji ililazimu yaletwe kwa bomba kutoka milima ya Bura, kwa matangi ya reli, au kwa vichwa vya watu.

Maktau simama angalau saa mbili. Kambi ilikuwa kubwa, na mistari ya mahandaki bado inaonekana kama mitaro mifupi iliyojaa nyasi. Ukitazama kwa makini utaona mitaro haikunyooka. Inakunja kona kila baada ya hatua chache, kwa sababu mtaro ulionyooka ukiingiwa na adui mmoja mwenye bunduki, risasi moja inapita kwa watu wote, na bomu likianguka vipande vyake vinasafiri mpaka mwisho. Makaburi madogo ya Maktau yako karibu na reli ya zamani.

Kuhusu maganda ya risasi: utayaona, hasa baada ya mvua. Yaache. Ganda linaonyesha askari alisimama wapi, na likishaingia mfukoni mwa mgeni halisemi tena lolote. Chuma kizito cha mviringo usikiguse hata kidogo, kombora ambalo halikulipuka halizeeki.

Siku ya 2: Salaita, Taveta, Latema na Reata

Ondoka saa kumi na moja alfajiri ufike Salaita jua halijawa kali. Ni kilima kifupi, cha peke yake, kilometa kumi na kitu kabla ya Taveta. Usipoambiwa utakipita bila kukitazama.

Tarehe 12 Februari 1916 brigedi ya wazungu wa Afrika Kusini, wageni kabisa katika vita hii, ilitumwa kukiteka. Mizinga ilipiga kileleni, ambako mahandaki yalionekana wazi. Yalikuwa ya uongo. Ya kweli yalikuwa chini, kwenye kitako cha kilima, yamefunikwa kwa miiba, na askari wa Kijerumani walikuwa wamekaa humo hawajaguswa. Askari wa Afrika Kusini walipokaribia walipigwa kutoka usawa wa magoti, wakarudi nyuma kwa vurugu, na Wabaluchi wa jeshi la India ndio waliowafunika wasimalizwe. Zunguka kitako cha kilima kwa miguu, upande wa mashariki kwanza, halafu lala kifudifudi mahali penye mtaro. Utaona kwamba anayekuja amesimama anaonekana kuanzia kifuani, nawe huonekani.

Ingia Taveta, pitia makaburi ya jeshi, kula, halafu jioni nenda magharibi mwa mji. Vilima viwili vinasimama pamoja na nafasi nyembamba katikati: Latema na Reata. Hapa keya anaingia katika simulizi kwa uzito wake. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Machi 1916, batalioni ya tatu ya KAR, pamoja na Wabaluchi na wengine, walipandishwa moja kwa moja mbele ya bunduki. Kamanda wa batalioni hiyo, Luteni Kanali Graham, aliuawa hapo. Jina lake limeandikwa kila mahali inapotajwa Latema. Ya askari waliokufa hatua chache kutoka kwake hayatajwi.

Panda nusu tu ya mteremko, pamoja na mwenyeji, nawe utaelewa usiku ule. Mawe yamelegea, kila hatua moja ya juu inarudi nusu. Miiba inashika nguo, na kuinasua kunahitaji mkono ule ule unaoshika bunduki. Gizani amri hazifiki. Koplo anaita kwa sauti, na sauti inamwonyesha adui alipo. Vikundi vidogo vilifika juu vikashikilia hapo bila kujua kama kuna wenzao wengine walio hai. Kulipokucha ilionekana Wajerumani wameondoka usiku, maana majeshi mengine ya Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, yalikuwa yakiwazunguka kutokea kaskazini. Kilima ambacho pengine kingeachwa chenyewe baada ya siku moja kiligharimu watu 270, waliokufa na waliojeruhiwa. Sisi tunaona lilikuwa kosa la haraka, na walioilipia haraka hiyo hawakuulizwa.

Keya wengi wakati huo walitembea peku. Mawe ya Latema yana ncha. Yashike mkononi ujue.

Siku ya 3: Taveta hadi Moshi na Kahe

Siku fupi. Vuka mpaka Holili. Usipige picha mpakani wala daraja lolote. Moshi kuna makaburi ya vita. Mchana shuka Kahe, kusini mwa mji, ambako reli ya Voi ilikuja kuungana na ile ya Tanga. Tarehe 21 Machi 1916 palipiganwa hapa, na Wajerumani walitumia mzinga mmoja wa meli Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915 lakini ikaokolewa mizinga yake. Baada ya Kahe mvua ilishika, na vita ikasimama takriban miezi miwili.

Siku ya 4: Moshi hadi Handeni

Ni siku ya gari. Yapata kilometa 260 za lami hadi Korogwe kupitia Same na Mombo, halafu nyingine 65 hivi hadi Handeni. Milima ya Pare na Usambara inakaa kushoto kwako, mto Pangani kulia. Jeshi lilipita njia hii mwishoni mwa Mei 1916, kutoka Kahe hadi Bwiko kwa siku kumi hivi, likikata njia porini kando ya mto. Handeni walifika Juni.

Tumia mwendo huu kufikiria mzigo. Bunduki ya askari, Lee-Enfield, ni kilo nne. Risasi mia ni kilo mbili na nusu, na mara nyingi alibeba zaidi ya mia. Ongeza singe, chupa ya maji, blanketi, chakula cha siku mbili, sufuria ya kugawana. Ni kilo kumi na tano na kuendelea, na huyo ndiye aliyebebewa vingi na wapagazi. Bunduki ya mtambo, waliyoiita bombomu, ilihitaji kikundi chake: mmoja anabeba bunduki yenyewe ya kilo kama 15, mwingine miguu yake ya kilo 20 hivi, wengine masanduku ya mikanda, kila mkanda risasi 250. Ikipigwa mfululizo maji yake, kama lita nne, huchemka baada ya dakika chache. Maji yakiisha bunduki inakwama, na katika nyika maji ya kuijaza yalitoka kwenye chupa za watu. Wapagazi wa bombomu walikwenda nayo hadi mstari wa mbele bila silaha, na adui aliwalenga wao kwanza, kwa kuwa wakianguka bunduki haisogei.

Kisha miguu. Funza anaingia chini ya ukucha au pembeni mwa kisigino, anavimba kama punje ya njegere kwa siku chache. Akitolewa mapema kwa mwiba safi, kifuko chake kikiwa kizima, tundu linapona. Akipasuka ndani, au akiachwa kwa kuwa safari haisimami, kidole kinaoza. Batalioni ingeweza kupoteza watu wengi kwa njia hiyo bila risasi hata moja kulia. Koplo mzuri alikagua miguu ya watu wake kila jioni kabla ya kukagua bunduki.

Siku ya 5: Handeni, Mziha, Turiani, Dakawa, Morogoro

Toka alfajiri. Zaidi ya kilometa 100 hadi Turiani, nyingi zikiwa za vumbi. Uliza Handeni hali ya barabara ya Mziha kabla ya kujaza mafuta, na jaza hapo hapo. Mapigano ya mto Lukigura yalikuwa tarehe 24 Juni 1916. Baada yake jeshi lilikaa wiki nyingi kambini Mziha, chini ya milima ya Nguu, likipigwa mizinga ambayo halikuwa na uwezo wa kuijibu. Mbung'o walikuwa wameua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Mnyama aliyeingia ukanda huu mzima alianguka baada ya wiki chache. Magari ya wakati ule yalizama katika udongo mweusi. Kilichobaki kilikuwa kichwa cha mtu.

Hapa ndipo pa kupiga hesabu, nasi tunashauri uipige kwa kalamu, umekaa kivulini. Mpagazi anabeba ratili 50 hadi 60, tuseme kilo 25. Anakula kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Akitumwa mwendo wa siku kumi na kurudi siku kumi, atakula kilo 20 za mzigo wake na kufikisha kilo tano. Kilo tano zinalisha askari watano siku moja. Kwa hiyo kila askari watano walio mbele siku kumi kutoka reli wanahitaji, kila siku inayopambazuka, mpagazi mmoja wa kuwatulia mzigo. Na mpagazi huyo yuko njiani siku ishirini. Ukiongeza risasi, dawa, mahema ya maofisa na machela za majeruhi, idadi inakimbia. Jeshi lilijaribu kupunguza hasara kwa vituo vya kupokezana vilivyokaribiana, ili mtu apeleke mzigo asubuhi na kurudi mikono mitupu jioni kulala kituoni kwake. Ilisaidia mpaka mvua ilipokata njia katikati, na vituo vya mbele vikabaki na watu bila chakula.

Mshahara wa mpagazi upande wa Waingereza ulishushwa hadi rupia tano kwa mwezi. Wengi hawakuja kwa hiari: walikamatwa na wazee wa serikali, kwa hesabu iliyotolewa wilayani.

Na walikufa kwa nini? Kwa unga. Mtu aliyezoea ndizi, mtama au wali alipewa unga wa mahindi uliosagwa chenga chenga, wenye mapumba. Unga huo unahitaji maji mengi, moto wa kutosha na muda mrefu jikoni. Wapagazi walifika kambini jua linazama, kuni zimelowa, sufuria moja kwa watu wengi, na zamu ya kuondoka ni kabla ya mapambazuko. Wakala uji wa moto juu, mbichi ndani. Tumbo likichubuka kwa siku kadhaa, kuhara damu kunapata mlango. Maji ya kambi yaliyochafuliwa na maelfu ya watu yanamaliza kazi. Baadaye yaliletwa mabadiliko, yaani wapishi maalumu, mchele badala ya mahindi kwa waliouzoea, na hospitali za wapagazi, na vifo vikapungua. Dawa ya tatizo ilikuwa sufuria kubwa na saa mbili za moto. Tunaliandika hili kwa uchungu, maana halikuhitaji elimu ya mbali; mama yeyote wa nyumbani angewaambia.

Askari alipata afadhali: kwinini alipewa, chakula chake kilitangulizwa. Hata hivyo malaria, kuhara damu na nimonia viliwaandama keya vilevile. Kati ya waliokufa KAR katika vita hii, zaidi ya 3,000 walikufa kwa maradhi.

Dakawa, penye daraja la Wami katika barabara kuu ya Dodoma, palipiganwa Agosti 16 na 17. Morogoro iliingiwa tarehe 26 Agosti. Lala hapo.

Siku ya 6: Morogoro hadi Kisaki na Beho Beho

Barabara inapanda Matombo halafu inashuka Kisaki. Mawe, mito, madaraja membamba. Tenga saa sita, mvua ikinyesha usiende. Anayependa reli ashuke stesheni ya Kisaki ya TAZARA. Beho Beho iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kwa hiyo lipa kiingilio na uchukue askari wa wanyamapori. Kutembea huko bila yeye ni marufuku na ni hatari.

Tarehe 4 Januari 1917 aliuawa hapo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza, akiwa na miaka 65. Kaburi lake lipo, lina jiwe na bamba, na hifadhi kubwa ikapewa jina lake kwa miongo mingi. Hatumnyimi heshima yake. Lakini simama kando ya jiwe hilo utazame pande zote nne. Ukanda huu, kutoka stesheni ya Mikese hadi Rufiji, ndio uliomeza watu wengi katika masika ya 1917. Mto ulifurika, njia ya Mikese ikawa ziwa, mizigo ikapitishwa kwa mitumbwi palipokuwa barabara. Brigedi ya Wanijeria, iliyofika Desemba, ilikaa ng'ambo ya mto kwa nusu ya posho, kisha chini ya nusu. Walichimba mizizi, wengine walikosea mizizi wakafa kwa sumu.

Maziko ya porini yalikuwa hivi. Shimo la kina cha goti au kiuno, kwa kuwa wachimbaji wenyewe ni wagonjwa na ardhi ya chini imejaa maji. Mwili unaviringishwa katika blanketi lake, na mara nyingine blanketi linabaki kwa aliye hai. Mwislamu analazwa akielekea kibla kama yupo wa kumsomea. Juu ya udongo yanawekwa miiba na mawe kuzuia fisi. Kibao cha mti kinachomekwa, kikiwa na namba au bila. Mchwa wa Rufiji hula kibao cha mti laini kwa msimu mmoja.

Siku ya 7: Morogoro hadi Dar es Salaam

Rudi Morogoro kwa gari, kisha lami hadi Dar. Jiji liliingiwa na Waingereza tarehe 4 Septemba 1916. Yapo mahali patatu pa kufika.

Kwanza Kariakoo. Jengo la soko lililojengwa na Wajerumani liligeuzwa kambi ya wapagazi, na jina la kikosi, Carrier Corps, likasagwa na ndimi za watu mpaka likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa asili hiyo hiyo. Watu wanashuka daladala hapo kila siku wakilitaja.

Pili, sanamu ya Askari, katikati ya jiji. Iliwekwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Mombasa na Nairobi kuna ndugu zake. Maandishi yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba ukifa kwa ajili ya nchi yako wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka sanamu mara moja kwa utulivu. Hakuna jina hata moja la askari aliyekufa.

Tatu, makaburi ya vita, njia ya Bagamoyo, yaliyohamishiwa hapo mwaka 1968 kutoka Ocean Road. Nyasi zimekatwa, mistari imenyooka, majina yamechongwa. Toa daftari la hesabu uliloanza Voi.

Sababu ya utakachokiona ni uamuzi. Baada ya vita tume ya makaburi iliahidi usawa kwa wafu wote, na kwa Mzungu iliutimiza. Kwa Mwafrika wa Afrika Mashariki ilionekana sanamu moja inatosha, na Gavana Horace Byatt wa Tanganyika aliona makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi porini upesi. Yakarudi. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilichapisha uchunguzi wake na kuomba radhi: kati ya watu 116,000 na huenda 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Siku ya 8: Dar es Salaam hadi Lindi

Kilometa kama 450, lami yote. Daraja la Mkapa linavuka Rufiji kwa dakika mbili. Simama baada ya daraja, mahali pa halali, utazame upana wa bonde. Kilwa Kivinje ni pa kula mchana. Mapigano ya Narungombe, Julai 1917, yalikuwa bara ya Kilwa, lakini njia yake itakula siku nzima, kwa hiyo tunaipita.

Siku ya 9: Lindi hadi Mahiwa

Kilometa zipatazo 70 kuelekea Masasi, kupitia Mtama, hadi Nyangao penye misheni. Mahiwa ni jirani. Uliza njia kwa wazee, na ukubali kikombe cha maji ukipewa.

Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 palikuwa na vita kali kuliko zote za nchi hizi. Upande wa Waingereza watu kama 5,000, karibu wote Waafrika na Wahindi. Keya kutoka batalioni kadhaa wakisukuma kutoka upande wa Lindi ili kuwafungua Wanijeria waliozingirwa. Upande wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, askari 1,500 hivi. Vichaka vilikuwa vizito kiasi kwamba adui alionekana kwa hatua thelathini, pengine asionekane kabisa, moto wa bunduki tu ndio unaonyesha. Waliochimba mahandaki walikaa, waliotumwa mbele walikatwa na bombomu, wakatumwa tena kesho yake mahali pale pale. Waingereza walipoteza watu kama 2,700, wafu na majeruhi, yaani zaidi ya nusu. Wajerumani zaidi ya 500, nao hawakuwa na wa kujaza nafasi. Mwezi mmoja baadaye Lettow alivuka Ruvuma.

Majeruhi wa tumbo hakupona. Wa mguu alipona kama machela ilimfikia siku ileile, na machela moja ilihitaji wapagazi wanne na wanne wa kupokezana. Hesabu ya Mziha inarudi hapa: wapagazi waliokuwa wamekufa kwa uji mbichi mwaka uliopita ndio ambao wangembeba keya huyu hadi Lindi.

Leo ni mashamba: mikorosho, mihogo, ufuta. Jembe bado linafukua maganda.

Mchana uliobaki utumie na wazee, daftari mkononi. Kazi ya kutafuta majina inaendelea, na madaftari ya zamani ya KAR yamekuwa yakipekuliwa upya Kenya. Familia yenye babu aliyekwenda vitani asirudi iandikiwe mambo haya kwa mpangilio: jina lake na la baba yake, majina mengine aliyoitwa, ukoo, kijiji, mwaka au tukio la kuondoka (njaa, nzige, mvua kubwa), alikwenda kama keya au kariakoo, namba kama kuna kibati kilichobaki, na nani alileta habari za kifo. Lililo muhimu kuliko yote ni jina la jumbe au chifu aliyemtoa, kwa kuwa orodha za wapagazi zilifuata wilaya na chifu. Bila jina la chifu, Juma bin Ali wamejaa kurasa, na hakuna njia ya kumjua wako ni yupi.